Bibi kavunjika nyonga, tumepewa karatasi ya vyuma vitatu tuchague. Wenye uzoefu naombeni mwongozo

Mjukuu wa Kiwira

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho maana tumechanganyikiwa.

Bibi yangu mzaa mama, umri tunakadiria miaka 78, juzi alfajiri alitoka kwenda chooni. Mvua ilinyesha usiku kucha kama mnavyoijua Rungwe. Akateleza kwenye kangazi ka udongo kati ya jiko na migomba, akaangukia ubavu. Wala hakikuwa kishindo kikubwa. Lakini hakuinuka tena. Tulipofika mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto na unyayo umelala nje kabisa. Ukimgusa analia kama mtoto, na bibi huyu sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika babu.

Tulimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, tukapata gari mpaka hospitali moja Mbeya mjini. Eksirei ikapigwa. Daktari akasema nyonga imevunjika, ni operesheni, akaitwa wodi nyingine. Baadaye kijana mmoja akatuletea karatasi imeandikwa: DHS, neili, au kichwa cha bandia, familia ichague kulingana na uwezo. Kila kimoja na bei yake. Hakuna aliyetueleza tofauti.

Tumekaa koridoni ndugu sita. Mjomba anasema tuchukue cha bei kubwa, ndicho bora. Mama mdogo anasema tumrudishe nyumbani, Busokelo kuna mzee anaunga mifupa, anamvunja kuku mguu na siku kuku akitembea na mgonjwa anatembea. Mimi ndiye mwenye simu ya intaneti, nimeambiwa niulize.

Chuma gani ni bora? Na kwa umri ule, operesheni haitamuua?

Mkulima wa Uyole

Pole sana mkuu. Mwiteni mtu wa Thieta, yule dada wa nesi, huwa anajibu mambo haya.

Thieta Nyanda za Juu

Nipo. Pole sana mdogo wangu, na bibi mpe pole nyingi.

Nijitambulishe kwa wasionijua: ni nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, upande wa mifupa, mwaka wa kumi na nne sasa. Kazi yangu ni kupanga vyuma mezani na kuviweka mkononi mwa daktari. Mimi si mpasuaji, na mwenye kauli ya mwisho ni daktari wenu aliyemshika bibi. Lakini karatasi mliyopewa imeniumiza, kwa sababu haikutakiwa kufika kwenu ikiwa hivyo. Familia haichagui chuma kama inavyochagua bati la kuezekea.

Chuma kinachaguliwa na mahali mfupa ulipovunjika. Kwa hiyo kabla ya bei, nenda wodini sasa hivi, iombe ile filamu, iinue dirishani penye mwanga. Juu utaona kichwa cha duara kimekaa kwenye kikombe cha kiuno. Kichwa kinashikwa na shingo inayoshuka kwa mshazari. Shingo inapokutana na mfupa mrefu wa paja kuna nundu mbili, kubwa upande wa nje, ndogo upande wa ndani. Niambie mstari wa kuvunjika umepita wapi. Ukiweka picha hapa, funika jina la bibi na namba ya faili.

Mjukuu wa Kiwira

Nimeshika filamu. Shingo nzima haina kitu. Mstari unaanzia nundu kubwa unashuka kwa mshazari hadi ile ndogo. Ile ndogo imebanduka kidogo, imesogea ndani.

Thieta Nyanda za Juu

Asante. Sasa tunazungumza.

Bibi kavunjika kwenye nundu, chini ya shingo. Hiyo ni habari njema kuliko mnavyodhani, na nitakwambia kwa nini. Kichwa cha mfupa wa paja kinapata damu kwa mishipa myembamba inayopanda ikiwa imelala juu ya shingo, ndani ya mfuko wa maungio. Shingo ikivunjika na kuhama, mishipa ile inakatika au inapindwa, na kichwa kinaweza kufa taratibu hata kama umefunga vizuri. Ndipo kichwa cha bandia kinapoingia: unatoa kilichokosa damu, unaweka cha chuma. Bibi yenu hakuvunjika pale. Sehemu yake ina damu nyingi na mfupa wa hapo unapenda kuunga. Kwa hiyo kwa picha uliyonieleza, kichwa cha bandia kwa kawaida hakina kazi. Kiulizeni kwa daktari, lakini msikilipie kwa sababu tu kipo kwenye karatasi.

Zimebaki DHS na neili.

DHS ni pleti inayokaa ubavuni mwa paja, yenye bomba fupi lililoinama, mara nyingi nyuzi 135. Skrubu moja nene inapita katikati ya shingo mpaka ndani ya kichwa, na mkia wake unalala kwenye lile bomba. Mkia haukukazwa, unateleza. Bibi akikanyaga, uzito wake unausukuma upande wa juu ushuke uugandamie wa chini, mfupa unabanana na kuunga. Mgonjwa aliyelazwa miezi bila kukanyaga anakinyima chuma hicho kazi yake.

Neili ni fimbo ya chuma inayoingia ndani ya uwazi wa mfupa wenyewe, kupitia kilele cha nundu kubwa. Skrubu ya kichwani inapita katika tundu la fimbo hiyo. Uzuri wake uelewe kwa ndoo ya maji: ukiibeba imegusa mwili ni nyepesi, ukiinyooshea mkono inakuvuta. Neili imekaa ndani, karibu na njia ya uzito. Pleti imekaa nje.

Mtu akisikia hivyo anasema basi neili ndiyo bora. Hapana. Kwa uvunjikaji kama wa bibi, ukuta wa nje wa mfupa ukiwa mzima, tafiti kubwa zilizowapa wagonjwa hiki au kile zinaonyesha matokeo yanakaribiana sana. Waingereza katika mwongozo wa 2011 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, walipendekeza skrubu ya kuteleza, yaani DHS, kwa uvunjikaji wa nundu wa kawaida, na neili wakaiacha kwa uvunjikaji ulioshuka chini ya nundu. Wamarekani wengi wanaelekea neili pale mvunjiko ukiwa umelegea. Ile nundu ndogo iliyobanduka inalegeza kidogo, kwa hiyo daktari wenu akitaka neili ana hoja, na akitaka DHS ana hoja pia. Mwulizeni hoja yake.

Pale ambapo DHS haifai kabisa ni mstari ukienda kinyume, yaani unaanzia ndani juu na kushukia nje chini. Hapo kile kuteleza kunageuka adui: mfupa wa paja unasogea ndani, shingo inasogea nje, vyote vinaachana. Vivyo hivyo ukuta wa nje ukiwa mwembamba au umepasuka. Hao ni wa neili.

Mkulima wa Uyole

Dada swali. Mbona nasikia kuna hospitali zinapiga neili bila hata eksirei ya thieta? Basi si rahisi tu?

Thieta Nyanda za Juu

Hiyo unayoisikia ni neili ya SIGN. Ni shirika la Richland, jimbo la Washington, Marekani, lilianzishwa 1999 na daktari Lewis Zirkle. Wanatengeneza neili na kuzitoa kwa hospitali za nchi kama zetu, na zina mkono wa kulengea matundu, hivyo unaweza kuzifunga bila eksirei ya thieta. Zimewainua vijana wengi wa ajali, nashukuru zipo. Ila kazi yake kubwa ni katikati ya paja na muundi. Skrubu ya kichwa cha nyonga ni jambo jingine. Bila ile eksirei yenye umbo la C kukuonyesha mbele na ubavuni, ncha inaenda gizani. Mjukuu, hilo nalo ulizeni: mashine hiyo inafanya kazi leo? Kama ni mbovu, subirini au hamisheni.

Niwaambie kwa nini nakazia ncha. Kabla ya skrubu, daktari anapitisha waya mwembamba wa kuongoza. Halafu anapima kwenye picha mbili umbali wa ncha hadi kilele cha kichwa, anajumlisha. Jumla isizidi milimita 25. Baumgaertner na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1995: skrubu zilizochomoka kichwani kwa wagonjwa wao zote zilikuwa zimevuka kiwango hicho. Kuna usiku nilisimama na daktari mmoja, saa sita imepita, wote miguu imevimba. Waya ukakaa juu kidogo ya katikati. Akauchomoa. Akarudia. Akauchomoa tena. Mara ya tatu ukakaa katikati kabisa, picha zote mbili. Mgonjwa alikuwa bibi wa umri kama wa bibi yako. Hakuna ndugu aliyewahi kujua kwamba zile dakika ishirini ndizo zilizomtembeza.

Kwa hiyo chuma cha bei nafuu kilichokaa katikati kinakishinda cha bei kubwa kilichokaa pembeni. Mwambie mjomba.

Kamwene Iringa

Kamwene wote. Dada, umenigusa kwenye kidonda.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 24, dereva wa bodaboda. Aligongwa akishuka Ipogolo. Shingo ya nyonga ikavunjika na kuhama. Tulikaa siku kumi na moja tukitafuta hela, yeye kavutwa mguu kwa mawe. Hospitali siitaji. Akafungwa skrubu tatu. Akatembea vizuri, akarudi kazini. Mwaka na nusu baadaye maumivu yakaanza kwenye kinena. Picha mpya: kichwa kimebonyea upande wa juu. Tumeambiwa kimekufa, abadilishiwe nyonga nzima. Kijana wa miaka 26 na nyonga ya bandia!

Ninachouliza kila siku: wangemwekea DHS badala ya skrubu tatu, kingepona? Walitukosea?

Thieta Nyanda za Juu

Kaka, pole sana. Nitakujibu kweli maana swali hili linakuotesha usiku.

Kwa kijana kama yeye kubakiza kichwa chake mwenyewe ulikuwa uamuzi sahihi. Hakuna anayekimbilia bandia kwa miaka 24, maana bandia inachakaa na atarudi thieta tena. Skrubu tatu zinazopita sambamba kwenye shingo ni njia ya siku nyingi na inakubalika.

Kuhusu DHS: kulikuwa na utafiti mkubwa unaoitwa FAITH, ulitoka 2017, zaidi ya wagonjwa 1,000 wa miaka 50 na kuendelea waliovunjika shingo. Nusu skrubu, nusu DHS. Waliorudi thieta walikuwa karibu mmoja kati ya watano kila upande. DHS ilionekana kuwasaidia zaidi wavuta sigara na wale ambao mfupa ulikuwa umehama, lakini vichwa vilivyokufa vilikuwa vingi kidogo kwenye DHS. Na hao ni watu wazima, si vijana wa ajali ya kasi, ambao mstari wao mara nyingi umesimama wima na unateleza. Kwa mstari wima madaktari wengi wanapenda DHS pamoja na skrubu ya ziada ya kuzuia kichwa kisizunguke.

Kwa hiyo siwezi kukwambia DHS ingemwokoa. Damu ile inaweza kuwa ilikatika pale pale lami ya Ipogolo. Kinachobaki mikononi mwa watu ni viwili: kuurudisha mfupa mahali pake sawasawa kabla ya kufunga, na kutochelewa. Zile siku kumi na moja zinaniuma kuliko aina ya chuma. Na kosa hilo si lako wewe uliyekuwa unakimbia kutafuta hela.

Kamwene Iringa

Asante dada. Nitamsomea mama jioni hii.

Mama Makambako

Nami niseme langu, upande wa kichwa cha bandia.

Mama yangu, miaka 81, alivunjika shingo yenyewe. Wakamwekea kile cha Austin Moore, bila simenti, yaani ile gundi ya kushikiza chuma ndani ya mfupa. Siku ya pili akasimamishwa, tukashangilia. Lakini paja lilikuwa linamuuma kila akianza kutembea, mpaka leo linamuuma kidogo. Halafu wiki ya tano, baridi ya Juni, akaenda jikoni kuota moto. Akakaa kwenye kigoda chake cha siku zote, kile kifupi, magoti yakapanda kuliko kiuno. Akainama kusukuma kuni. Tukasikia "ko!" Nyonga ikatoka. Hatukuwahi kuambiwa habari ya kigoda. Hata siku moja.

Thieta Nyanda za Juu

Mama, hili lako naomba kila mtu alisome mara mbili.

Austin Moore alikuwa daktari wa Marekani, alianza kuweka kichwa cha chuma mwaka 1940, na muundo unaobeba jina lake bado uko kwenye makabati yetu kwa sababu ni wa bei ndogo na umewasimamisha wazee wengi. Ule usio na simenti unategemea kubana ndani ya mfupa, na mfupa wa mzee ni mpana na mwepesi, chuma kinacheza. Ndiyo maumivu ya paja anayoyasikia mama. Uingereza walilinganisha vichwa vya sasa vyenye simenti na visivyo nayo kwa wagonjwa zaidi ya 1,200, matokeo yakatoka 2022: wenye simenti waliishi na hali bora zaidi na mifupa iliyopasuka kando ya chuma ilikuwa michache. Simenti nayo ina hatari yake, presha inaweza kushuka ghafla inapoingia, mtaalamu wa dawa ya usingizi anatakiwa awe macho. Lakini kwa mzee wa shingo iliyohama, ningekuwa mwanawe ningeuliza kama simenti ipo.

Na wale wanaoambiwa nyonga nzima, yaani kichwa pamoja na kikombe chake, ndiyo ya kisasa kuliko nusu, yaani kichwa peke yake: utafiti wa HEALTH wa 2019, karibu wagonjwa 1,500 waliokuwa wakitembea wenyewe kabla ya kuanguka, uliona waliorudi thieta ndani ya miaka miwili ni karibu sawa pande zote. Nyonga nzima iliwapa nafuu ndogo tu ya maumivu na kutembea, na ilielekea kutoka zaidi. Mzee anayelima bado na ana nguvu anaweza kunufaika nayo. Kwa wa miaka 85 anayetoka chumbani hadi uani, nusu inatosha.

Kigoda sasa. Sisi huku tunapikia chini, tunachuchumaa chooni, tunapalilia tumeinama. Mwenye kichwa cha bandia kilichowekwa kwa kupitia nyuma, wiki za mwanzo asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, asilale kwa ubavu bila mto katikati ya magoti. Kabla hajarudi nyumbani, fundi atengeneze kiti cha choo chenye tundu, na jikoni awekewe kiti kirefu. Mbao mbili na misumari. Wa DHS na neili hawana hofu hiyo ya kutoka, ila kuchuchumaa mapema kutawauma.

Mjukuu wa Kiwira

Dada, mama mdogo bado ameshikilia Busokelo. Na lile swali la kufa kwenye operesheni.

Thieta Nyanda za Juu

Mwambie mama mdogo kwa heshima. Mzee wa kuunga mifupa anaweza kufunga mkono wa mtoto ukaunga, nimeona. Nyonga haina pa kufungia. Misuli ya paja, kati ya minene zaidi mwilini, inauvuta mfupa juu usiku na mchana. Mfupa wa pale utaunga hata bila operesheni, sitakudanganya, lakini utaunga mfupi na umepinda, baada ya miezi miwili mitatu ya kulala chali. Ni hicho kitanda kinachoua wazee: vidonda vya mgongo, mapafu kujaa, damu kuganda mguuni. Kuku atapona kabla yake.

Hatari ya operesheni ipo. Hata Uingereza walihesabu kwamba mmoja kati ya kumi wa waliovunjika nyonga alikuwa akifariki mwezi wa kwanza, wengi kwa maradhi waliyokuja nayo. Ndiyo maana apimwe moyo, damu, sukari, kisha asicheleweshwe bila sababu. Utafiti mmoja wa nchi 17 wa mwaka 2020 uliwapasua wengine ndani ya saa chache na wengine baada ya siku moja: vifo havikutofautiana, ila kati ya waliowahishwa, waliochanganyikiwa akili walikuwa wachache zaidi, na waliinuka mapema.

Leo tayari ni siku ya tatu. Nendeni kwa daktari, muulize: kwa nini hiki na si kile, mashine ya eksirei inafanya kazi, damu ya akiba ipo, atasimama lini.

Mjukuu wa Kiwira

Naleta mrejesho wakuu, samahani kwa ukimya wa siku tano.

Nilimfuata daktari mwenyewe na filamu mkononi. Nilipomuuliza kuhusu ukuta wa nje, alinitazama, akavuta kiti, akanieleza kwa nusu saa. Akasema karatasi ilikuwa ya bei za idara, haikuwa ya kuchagua, akaomba radhi mbele ya mama. Kachagua DHS, ukuta wa nje ni mzima. Kichwa cha bandia akakifuta kwa kalamu. Mjomba alinuna kidogo kisha akachangia damu chupa moja.

Operesheni ilichukua saa moja na dakika kama arobaini. Nilimwomba anionyeshe picha za mwisho. Ncha iko katikati, mbele na ubavuni. Nilimuuliza jumla akasema milimita 19.

Jana walimsimamisha. Alishika fremu, akanyaga, akasema kwa Kinyakyusa kwamba mguu wake umerudi mrefu. Mama mdogo ndiye aliyelia.

Sasa msaada wa mwisho. Jumatatu tunamrudisha Kiwira. Fremu ya hospitali tunaiacha. Mbeya mjini nani anajua zinapouzwa, au fundi seremala anaweza kutengeneza ya mti, na urefu wake unapimwaje?

Thieta Nyanda za Juu

Ndaga, Mungu ni mwema! Ya mti inawezekana, iwe nyepesi na miguu minne uivalishe mpira wa tairi chini, msiiache mbao tupu kwenye udongo ule. Urefu: asimame wima, mikono ikining'inia, pima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi chini, akiwa amevaa viatu atakavyotembelea. Na kale kangazi kabla ya Jumatatu kawekeni mawe na kamba ya kushikia.

Mkulima wa Uyole

Mkuu njoo PM, nina fremu ya marehemu baba ya aluminiamu, iko stoo. Inarefushwa na kufupishwa. Kesho asubuhi nakuja mjini na viazi, nitaishusha Kabwe.